Browning ya Shemeji, Glock ya Jirani, na Magazini ya Bei Rahisi

Nianze na hukumu, maana wengi husoma juu juu tu: Browning Hi-Power ya shemeji yangu haina ugonjwa, Glock 17 ya jirani yake haina miujiza, na kilichokuwa kinakwamisha risasi ni magazini, lile kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini, ya bei rahisi aliyouziwa mahali nisipopataja. Mwenye haraka aishie hapa. Mwenye nafasi aendelee, kwa sababu sababu zenyewe zitamsaidia hata kama bastola yake ni ya aina nyingine kabisa.

Shemeji anauza mbao Arua, Uganda. Leseni yake ni ya siku nyingi, na bastola yake ni Browning ya zamani, ile yenye mpini wa mbao na nyundo ya duara. Mwaka jana alianza kunipigia simu kulalamika: "Afande, hii kitu imezeeka, inaniangusha." Alikuwa ameshaamua kuachana nayo na kuomba kibali cha Glock kama ya jirani yake mwenye kituo cha mafuta. Nikamwambia asifanye lolote mpaka nifike. Mimi nimestaafu, lakini maisha yangu ya kazi yote yalipita ndani ya ghala la silaha nikiwa fundi bunduki, mara nyingi mwanamke peke yangu chumbani, na ndiyo maana hata nyumbani jina langu limesahaulika, wote wananiita Afande.

Tulikutana renji, uwanja wa kulengea shabaha, kwa ruhusa, wenye silaha wote wawili wakiwepo na karatasi zao mkononi. Bastola ya mtu siishiki mwenyewe akiwa hayupo, hata kama ni ya ndugu.

Kwa wasiojua kinachoendelea ndani: fataki, kile kiwashio kidogo kitakoni mwa risasi, inagongwa, baruti inawaka, kichwa cha risasi kinaondoka, na teke lake linarudisha nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachotembea. Kulabu ndogo kwenye slaidi inavuta ganda tupu kutoka chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, ganda linagonga kitupio na kurukia nje. Slaidi ikifika mwisho wake springi inairudisha mbele, na njiani inasukuma risasi mpya kutoka kwenye midomo ya magazini. Risasi inapanda mteremko mdogo, inaingia chemba, na kitako chake kinateleza chini ya kulabu ile ile iliyotoa ganda. Yote haya yanaisha kabla hujapepesa jicho. Waliobuni risasi ya 9x19, ile inayotumiwa na bastola hizi mbili, walisaidia sana, maana ganda lake si bomba lililonyooka: chini ni milimita 9.93, mdomoni ni 9.65, kwa hiyo linaingia kirahisi na kutoka kirahisi. Georg Luger aliitoa mwaka 1902 na mpaka leo hakuna aliyeitupa.

Lakini kuna mashindano humo ndani ambayo macho hayaoni. Springi ya magazini lazima iwe imeshaipandisha risasi inayofuata kabla slaidi haijarudi. Ikichelewa, slaidi inapita juu bila kuchukua kitu, au inaikamata risasi kiunoni na kuikunja. Watu wakiona hivyo wanasema bastola mbovu. Mimi nashika magazini kwanza, bastola baadaye.

Nilimwuliza shemeji inakwama wapi: mwanzoni, katikati, au risasi za mwisho? Akafikiri, akasema za mwisho. Hapo nilikuwa karibu nimeshapata jibu kabla sijaigusa. Springi ya magazini inasukuma kwa nguvu zaidi ikiwa imebanwa, yaani magazini ikiwa imejaa. Kadiri risasi zinavyopungua ndivyo inavyolegea. Springi nyembamba inajificha vizuri mwanzoni, inaumbuka mwishoni.

Magazini ya Browning ndiyo kazi kubwa ya bastola hii. John Browning mwenyewe alifariki mwaka 1926 huko Liège, Ubelgiji, kazi ikiwa bado mezani. Aliyeimalizia ni Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN, ikatoka mwaka 1935 ikibeba risasi 13 wakati bastola nyingi za kijeshi zilikuwa zinabeba 7 au 8. Saive alizipanga risasi kwa kupishana, mistari miwili, halafu juu kabisa akaibana ile mistari iwe mmoja. Uzuri wote uko hapo na matatizo yote yako hapo: ni abiria wa mistari miwili wanaogombea mlango mmoja wa taksi. Bati likiwa na mkunjo uliokosewa kwa unene wa ukucha, risasi mbili zinabanana shingoni na springi inachoka kuzisukuma.

Ile ya shemeji niliifungua. Springi ilikuwa ya waya mwembamba. Kibebeo, kile kipande kinachosukuma risasi kutoka chini, kilikuwa kinalala upande ukikibonyeza kwa kidole. Mdomo mmoja ulikuwa umefunguka kuliko wa pili, na ndani ya bati mshono wa kulehemu ulikuwa umeachwa bila kusuguliwa, unaukwaruza ukucha. Ubavuni hakuna alama ya mtengenezaji yeyote. Tukaiweka pembeni, nikatia magazini ya kiwandani niliyokuja nayo, shemeji akapiga mpaka mkono ukachoka. Haikukwama. Tukarudisha ile yake, ikaanza vituko vyake. Niliomba nyundo tukaiponda kabisa, maana ukiitupa hivi hivi kuna kijana ataiokota na kuiuza tena.

Sasa nisiisifu Browning kupita kiasi. Zile za zamani zina nundu kwenye mteremko wa kupandia chemba. Ilichongwa kwa ajili ya risasi ya jeshi, yenye pua ya mviringo iliyovikwa shaba, na kwa risasi hiyo inafanya kazi vizuri sana. Ukitia risasi yenye kichwa kilichotobolewa mbele, mdomo wake mpana unaweza kugonga nundu badala ya kuipanda. Matoleo ya baadaye yalinyooshwa mteremko huo. Kulabu nayo ilibadilishwa mwaka 1962. Ya mwanzo ilikuwa imefichwa ndani ya slaidi, ndefu na nyembamba. Baada ya hapo ikawekwa nje, fupi, na springi yake ya mzunguko. Mimi kama fundi naipenda ya nje, naiona kwa jicho, naijaribu kwa kidole, na nikitaka kuisafisha sihitaji kubomoa nyumba nzima. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina Browning," bado hujajua ana nini. Mwulize ya miaka gani na anailisha nini.

Kuna jambo moja kwenye Browning ambalo nimelichukia tangu nikiwa kijana. Ukitoa magazini, kifyatulio hakifanyi kazi. Hilo lilikuwa sharti la jeshi la Ufaransa wakati bastola inabuniwa, na Wafaransa wenyewe mwishoni wakachukua bastola nyingine! Tumebaki sisi na urithi wao. Kuna kipini kinachosuguana na uso wa mbele wa magazini kila unapovuta kifyatulio, ndiyo sababu mvuto wake una mchanga mchanga, na ndiyo sababu magazini haidondoki yenyewe ukibonyeza kitufe, inabidi uivute. Ni msuguano ambao risasi haiuhitaji. Kibaya zaidi ni kwa kichwa cha mtu. Nimefundisha vijana waliozoea kwamba magazini ikitoka bastola imekufa, wakipewa aina nyingine hawaangalii chemba. Chemba inaangaliwa kwa jicho na kidole, magazini iwe ndani au nje, bastola iwe ya nani.

Tuje kwa Glock, maana jirani alikuwa ananisubiri kwa tabasamu la mwenye gari jipya.

Gaston Glock wa Austria alikuwa mtu wa visu na fito za mapazia. Bastola hakuwahi kutengeneza. Naamini hilo lilimsaidia, hakuwa na mazoea ya kubeba. Jeshi la Austria likaipokea bastola yake mwaka 1982. Ukiifungua unashangaa jinsi ilivyo tupu. Hakuna nyundo, hakuna kitasa cha usalama cha pembeni, na slaidi yake haitembei juu ya reli ndefu zilizochongwa kwenye fremu ya chuma kama Browning. Inatembea juu ya vipande vinne vifupi vya chuma vilivyozamishwa kwenye plastiki. Katikati ya vipande hivyo kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo mahali pa vumbi kwenda. Huku kwetu, kiangazi, vumbi jekundu la Arua linaingia mpaka ndani ya friji. Bastola isiyo na nafasi ndani haina pa kuliweka.

Kuna watu wanaitikisa Glock sikioni, wakisikia inacheza wanasema imetengenezwa ovyo. Mchezo ule umewekwa makusudi. Mtutu unafungana na slaidi kwa bonge moja la mraba linaloingia kwenye dirisha la kutolea maganda, na chemba ina ulegevu kidogo. Bastola iliyobanwa sana inakupa tundu zuri kwenye karatasi, halafu siku ya vumbi inakugomea. Bastola ya Luger ya Wajerumani ilikuwa na kiwiko chake cha chuma kilichochongwa kwa ustadi mkubwa, lakini ilitaka risasi zenye nguvu inayolingana, dhaifu kidogo tu haimalizi mwendo. Askari anayelala nje hahitaji bastola inayochagua chakula.

Magazini ya Glock ni plastiki iliyovikwa juu ya bati la chuma. Bati tupu likianguka kwenye saruji na mdomo ukapinda, umepinda hivyo, na wewe huoni mpaka siku unapoihitaji. Plastiki yenye chuma ndani ama inarudi ilivyokuwa ama inapasuka waziwazi. Mimi kati ya kifaa kinachoharibika kimya na kinachoharibika kwa kelele nachagua cha kelele.

Lakini nilisema haina miujiza. Fremu yake ni nyepesi. Bastola nzima bila risasi ni kama gramu 700, wakati Browning inakaribia gramu 900. Slaidi ili irudi mpaka mwisho inahitaji fremu ikae pale ilipo, na fremu nyepesi inakaa pale ilipo kwa sababu mkono wako umeishikilia. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi inakosa mwendo wake kamili, ganda linabanwa dirishani limesimama wima. Mwenye mikono midogo kama mimi anajua habari hii. Mpini ni mnene, ukiufuata kwa vidole tu unashika nusu. Inabidi kiganja kipande juu kabisa, chini ya slaidi, na mkono wa pili ujaze pengo lililobaki. Nikishika hivyo sina shida nayo hata kidogo. Mke wa jirani alijaribu, nikamrekebisha mshiko, akapiga vizuri kuliko mumewe, na mumewe akasema jua lilikuwa machoni.

Na Glock pia imewahi kusahihishwa. Toleo la nne lilipotoka, kiwanda chenyewe mwaka 2011 kilitangaza kubadilishia wateja springi ya slaidi bila malipo. Ubunifu wa bastola nzima haukuwa na kosa. Ni springi moja isiyolingana vizuri na uzito wa slaidi na nguvu ya risasi. Sisemi hili kuwachafua, nasema kwa sababu linaonyesha jinsi hesabu ya bastola ilivyo nyembamba: springi ikiwa ngumu, slaidi haifiki nyuma, ikiwa laini, inagonga nyuma kwa kishindo na kurudi haraka kabla magazini haijainua risasi. Waingereza waliobeba Browning kwa miongo mingi ndio hao mwaka 2013 walitangaza kuiacha na kuchukua Glock 17, toleo hilo hilo la nne. Shemeji aliposikia hivyo alinitazama kama nimemsaliti.

Vumbi lenyewe nilieleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo wenye leseni wa Uganda wanapoharibu mali yao. Entebbe na Jinja adui ni unyevu wa ziwa, Karamoja na West Nile adui ni vumbi, na watu wanatumia dawa moja: mafuta mengi. Mafuta kwenye reli, sawa, tone moja moja, halafu futa. Mafuta ndani ya magazini, hapana! Yanakusanya vumbi, yanakuwa tope, kibebeo kinanata. Yakiingia kwenye fataki ya risasi iliyokaa muda mrefu, usishangae ikigongwa ikanyamaza. Marekani waliipata shida ya jamaa hiyo Iraq na bastola zao za Beretta M9. Kulikuwa na magazini zilizopakwa rangi ya fosfati iliyokuwa ikiparuza, mchanga mwembamba ukashika humo ndani, risasi hazikupanda. Bastola haikubadilishwa. Walizifanya kuta za magazini ziwe laini na kavu, mambo yakatulia. Ndiyo maana ule mshono wa kulehemu ndani ya magazini ya shemeji ulinikasirisha.

Makarov na Tokarev, bastola za Kirusi, siwezi kuziruka, maana kuna wazee wenzangu watasema nimezisahau. Tokarev ya mwaka 1933 nina heshima nayo ya pekee. Fedor Tokarev hakuiamini magazini kabisa: midomo ya kuongoza risasi aliichonga kwenye kile kipande kizima cha nyundo kinachokaa ndani ya fremu, chuma nene, kwa hiyo bati la magazini likipinda kidogo risasi bado ina kitu cha kuiongoza. Huyo alikuwa amewaona askari wakiangusha magazini. Ila haina kitasa cha usalama, ina mahali pa kusimamisha nyundo nusu njia tu, na sitamshauri raia kuibeba ikiwa na risasi chemba.

Makarov, iliyopokelewa mwaka 1951, mtutu wake haupandi wala haushuki kama wa hizo nyingine tatu, umekaa kwenye fremu moja kwa moja. Risasi yake ya 9x18 ni ya kiasi, uzito wa slaidi na springi vinatosha kuishikilia. Vipande ni vichache na kila kimoja kinafanya kazi mbili au tatu. Springi moja bapa inasukuma nyundo, inarudisha mkono wa kifyatulio, na ncha yake ya chini inashika magazini isidondoke. Risasi 8 katika mstari mmoja, hakuna kubanana mlangoni. Kwa kutokwama, naiweka juu ya Browning na sijutii. Kwa vidole vyangu, slaidi yake ni ngumu, na kutoa magazini kwa mkono wa pili chini ya mpini ni taabu.

Basi nyota zangu. Browning ya shemeji, ikiwa na magazini za kiwandani na risasi za pua ya mviringo: nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya kile kipini cha Wafaransa. Amebaki nayo. Nimempa sharti la kuandika namba kwa rangi chini ya kila magazini, ili moja ikianza kukorofisha tujue ni ipi bila kusingizia bastola. Glock ya jirani: nne na nusu, na hiyo nusu si kosa la bastola, ni kwa sababu inamtaka mtu afundishwe mshiko, na wauzaji hawalisemi hilo. Ningekuwa naanza leo, na ni mtu asiyependa kusafisha, ningechukua Glock. Mimi napenda kusafisha.

Magazini isiyo na alama ya mtengenezaji: sifuri. Ukiletewa ya kununua, itoe kitako cha chini, pitisha ukucha ndani ya bati, bonyeza kibebeo kwa kidole upande mmoja uone kama kinalala, ijaze risasi za mazoezi zisizo na baruti, kisha uitikise. Na ukiambiwa risasi ni "za tisa," uliza tisa ipi, kwa sababu ya Makarov na ya Glock si kitu kimoja: kichwa cha risasi ya Makarov ni milimita 9.27, kinene kuliko cha 9x19, na ganda lake ni fupi. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo, mrudishie mzigo wake na uondoke.